Kaliba Gani, Kalibu Ndani

Harufu ya mafuta ya cherehani ndiyo inayonirudisha Murusagamba, kijijini kwetu karibu na mpaka. Nikipita mbele ya kibanda cha fundi nguo nikaipata ile harufu nyepesi, mara naiona meza ya babu, kitambaa chake kilichochakaa, na bunduki mbili zimelazwa juu yake. Babu hakuwa na cherehani. Mafuta yale aliyanunua kwa ajili ya bunduki zake tu, na kila Jumamosi alizisugua mpaka vitako vya mbao vikang'aa, na nyumba nzima, pamoja na mkungu wa ndizi uliokuwa ukiiva kwenye kona, ikanuka mafuta. Moja ilitengenezwa Ujerumani, nasi tuliiita Mjerumani. Ya pili ilitoka Uingereza, kwa hiyo ikawa Mwingereza. Babu alikuwa na kibali cha kuwinda, na pongo walioshuka kutoka vichakani kuja kula maharage yetu walizijua zote mbili.

Risasi aliziweka katika mikebe miwili. Wa Mjerumani ulikuwa mkebe wa majani ya chai, na wa Mwingereza ulikuwa wa maziwa ya unga, na sharti la babu lilikuwa moja: mikebe hiyo isikutane. Ukifunguliwa mmoja, wa pili ubaki chini ya kitanda. Wakienda kuwinda, baba yangu alibeba Mjerumani na mkebe wake, na kaka yake, baba mkubwa Zakaria, alibeba Mwingereza na mkebe wake. Nyama ilipoletwa ilikuwa ya wote, lakini sifa zilikuwa za bunduki iliyoangusha, na mimi na Skola, binti wa baba mkubwa, tuligombania sifa hizo njia nzima ya mtoni kana kwamba ni sisi tuliovuta kifyatulio.

Babu alifariki katika miaka ile ya wakimbizi, wakati watu walipovuka mpaka kwa maelfu na moshi wa kambi ukaonekana vilimani asubuhi na jioni. Kuni zilikwenda mbali, pongo wakaenda mbali zaidi, na serikali ikaanza kuziangalia bunduki za raia kwa jicho kali. Baba na baba mkubwa wakaitwa ofisi ya kata, wazilete zote mbili. Ofisi ilikuwa njiani mwa shule yetu, na mimi na Skola tulisimama dirishani tukiwa na madaftari kichwani.

Bwana nyama, ofisa aliyesimamia mambo ya uwindaji, alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Alikuwa amesimama mezani na fomu yake, na ndugu wawili wamesimama mlangoni kwa adabu. Akainua kalamu akauliza, "Kaliba gani?" Alitaka kujua upana wa tundu la bunduki. Lakini kwetu l na r hubadilishana viti zinavyotaka, na kukaribishwa kwetu ni kukalibishwa. Baba mkubwa alisikia "Kalibu ndani." Akavua kofia, akasema, "Asante sana, bwana," akapita, akaketi kwenye kiti pekee kilichokuwamo, kiti cha bwana nyama mwenyewe.

"Mzee, nimeuliza, kaliba gani?"

"Nimeshaingia, bwana. Nashukuru."

Sisi dirishani tulicheka mpaka madaftari yakaanguka, na baba akainama kuficha uso wake. Lakini kicheko hakikudumu. Bwana nyama alisema kibali cha marehemu kitarithiwa na mmoja, kwa bunduki moja. Nyingine itasalimishwa. Wachague wenyewe, na wamletee jibu kabla ya Pasaka. Akasoma maandishi yaliyochongwa kwenye mitutu: Mjerumani aliandikwa saba kwa hamsini na saba, na Mwingereza aliandikwa mia mbili sabini na tano.

Namba hizo ndizo zilizotuvunjia nyumba. Baba mkubwa alisema hapana la kujadili, hata mtoto wa darasa la pili anajua mia mbili sabini na tano ni kubwa kuliko saba. Baba akajibu kwamba pongo si nyati, hahitaji kupigwa na mia mbili, na kwamba Mjerumani hasukumi bega na risasi yake hainyanyuki wala haizami. Baba mkubwa akasema Mwingereza amemwangusha kuro ng'ambo ya bonde. Baba akasema alikuwa kuro mgonjwa. Baba mkubwa akauliza ni nani aliyemwambia. Jioni baada ya jioni walibishana hivyo, na kila mmoja aliteta kwa namba kama wakili, lakini hata mimi niliyekuwa na miaka kumi nilielewa kwamba hawakuzungumzia bunduki. Ambaye bunduki yake ingebaki, ndiye ambaye babu angekuwa amempenda. Siku moja baba mkubwa akasema neno hilo waziwazi, "Wewe ulikuwa kitindamimba chake, chukua na kaburi basi," akaondoka bila kuaga, mkebe wake kwapani, Mwingereza akamwacha kwetu.

Hakurudi. Jumapili kanisani alikaa upande wa pili. Mama alimkataza Skola kuingia jikoni kwetu, na mama yake Skola akanikataza mimi kupita kwao kwenda mtoni, hivyo kila mmoja wetu akateka maji peke yake. Wazee husema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Mimi niliwachukia wote wawili, na bunduki zao, na babu pia kidogo kwa kufa. Nilimtaka Skola wangu.

Wakati huo wakimbizi wengi walikuja kulima mashambani mwetu wapate maharage ya kupeleka kambini. Mmoja wao tulimwita Fundi, kwa sababu alikuwa mshonaji kwao na futi ya kupimia nguo haikutoka shingoni mwake hata alipokuwa akipalilia. Lugha yake na Kihangaza chetu zilikaribiana sana, basi tulielewana bila shida. Jioni moja baba alikuwa amekaa uani na mkebe wa chai, na wa maziwa umekuja kutoka kwa baba mkubwa mikononi mwa Skola, pamoja na ujumbe: "Baba amesema mbaki na vyote, hataki tena." Skola aliusema huku analia. Baba aliuweka ule mkebe mezani pembeni ya mwenzake, akautazama tu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mikebe ile kukutana.

Fundi alikuwa ananawa miguu. Akasogea, akatoa risasi moja huku na moja huku, akazisimamisha. Ncha ya moja ilikuwa kali kidogo na ya nyingine butu, lakini maganda ya shaba yalilingana kimo kama pacha. Akavua futi yake, akayapima. Akageuza futi upande wa pili, akapima tena, kisha akamwita baba aje aone. "Mzee, huku ni sentimita, huku ni inchi. Mjerumani amepima kwa upande huu, Mwingereza amepima kwa upande huu. Nguo ni ileile." Saba ya Mjerumani ilikuwa milimita, na mia mbili sabini na tano ya Mwingereza ilikuwa sehemu za elfu za inchi. Baba hakusadiki. Alileta Mwingereza, akafungua komeo lake, akaingiza polepole risasi ya Mjerumani. Ikaingia na kukaa kama iliyorudi kwake.

"Sasa mlikuwa mnagombania nini?" Fundi aliuliza. Kisha akaanza kukunja futi. Kwao watu wa lugha moja walikuwa wameuana kwa ajili ya majina, na yeye alikuja kwetu na futi tu. Akaomba maji ya kunywa, mama akampa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema mama.

Baba hakungoja chakula. Alichukua risasi mbili, moja ya kila mkebe, akanishika mkono huu na Skola mkono ule, tukapanda kilima. Baba mkubwa alikuwa ndani, mlango wazi. Nilisema shikamoo, hakuna aliyeitikia. Baba alisimama kizingitini, midomo inatafuta neno, na neno lililokuja lilikuwa lile la ofisini.

"Kaka," akasema, "kaliba gani?"

Kisha kutoka gizani mle ndani ikaja sauti nzito, yenye kikohozi kilichokuwa kicheko.

"Kalibu ndani."

Walimsalimisha Mjerumani, kwa kuwa kitako chake kilikuwa kimeanza kuliwa na mchwa. Mwingereza alikaa kwa baba mkubwa, na risasi zote, zimechanganywa katika mkebe wa chai, zikakaa kwa baba, hivyo hapakuwa na awezaye kuwinda bila kupita mlangoni kwa mwenzake. Pasaka ile tulikula pongo, na Fundi alikula nasi. Mara nyingi nimejiuliza kama babu hakujua. Mtu aliyezisugua miaka yote ile! Siku hizi nasadiki alijua, akaitenga ile mikebe ili kila mwana awe na chake, na hakufikiria kwamba angekufa kabla ya kuwaambia.

Leo bunduki haipo, ilishasalimishwa nayo, na vichaka vya pongo ni mashamba ya mihogo. Fundi alirudi kwao. Futi aliniachia mimi, ninayo kwenye droo, namba zimefutika upande wa inchi. Watoto wetu wanajua lugha nyingi kuliko sisi, na wakikosana hukosana kwa simu, mahali pasipo na kizingiti cha kusimama. Mwaka jana tulimzika baba mkubwa. Siku ya tatu baba alipotea nyumbani, nikamkuta kwenye kile kilima, amesimama mlangoni kwa kaka yake na fimbo yake, mgongo umepinda, akisema taratibu kuelekea ndani, "Kaka, kaliba gani?" Nilinyoosha mkono nimrudishe nyumbani, ndipo Skola, aliyekuwa jikoni akiosha vyombo vya msiba, akaitikia kwa sauti ya baba yake.

"Kalibu ndani."

Na baba akavua kofia, akaingia.