Sisi Tunakula, Biji Haingii

Sisi tuliokulia Voi wakati chapati ilikuwa chakula cha Krismasi, tunajuana hata tukipishana sokoni bila salamu. Mtoto wa siku hizi ukimwekea chapati mezani anauliza kama hakuna kitu kingine, halafu anaipiga picha. Sisi tulijua ni mlango gani Voi nzima unaotoa chapati ya bure, siku gani, saa ngapi, na ni chapati ya ngapi ndiyo huanza kuwafanya wenyewe wakutazame. Ni ya saba.

Mlango wenyewe ulikuwa wa gurudwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, ng'ambo ya reli. Tuliwaita Makalasinga, na hawakukasirika, au labda walikasirika kwa Kipunjabi. Jumapili tulitoka kanisani tukikimbia, amina ya mwisho ikitukuta getini. Vumbi jekundu la Voi lilikuwa limeshatupanda mpaka magotini, kwa hivyo pale nje ulivua viatu kama unavyo, ukanawa miguu, ukafunika kichwa kwa kitambaa cha rangi ya chungwa kutoka kwenye kikapu. Vitambaa vikiisha, kaka yangu Mwakio alijifunika sweta ya shule, mikono yake ikining'inia kama masikio ya mbuzi. Ndani ulikaa chini kwa mstari, tajiri na maskini, dereva wa lori na mwenye duka, ukaletewa dengu, chapati, wali wa maziwa, na ile halua ya ngano inayovuja samli mpaka kwenye kiwiko. Hakuna aliyekuuliza wewe ni wa dini gani. Waliuliza tu, "Ongeza?"

Mama hakupenda. "Ukienda kula kwa watu, kula kama mtu aliyeshiba," alituambia, shauri ambalo hatukulifuata hata siku moja. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na ilimbidi akasirike zaidi. Alitusimamisha sebuleni, akatukemea kuhusu miungu ya watu, kisha Mama akienda jikoni, Baba anatuuliza kwa sauti ya chini, "Zilikuwa na samli?" Mwakio alikuwa akimletea moja ndani ya shati. Baba aliila akiwa amefumba macho, na sisi tulidhani anaomba.

Sasa, katika Voi hiyo kulikuwa na familia sita za Makalasinga. Wote, pamoja na watoto na mabibi, wangeenea kwenye lori moja na nafasi ya mbuzi ikabaki. Na bado waliweza kugawanyika. Familia tano zilikuwa za gurudwara. Ya sita ilikuwa ya Fundi Balbir, aliyechomelea malori kando ya barabara kuu, pamoja na mama yake mzee tuliyemwita Biji kwa sababu ndivyo mwanawe alivyomwita. Hawa walikuwa wa madhehebu ya Kinamdhari. Walivaa nyeupe tupu kila siku ya Mungu, huyo ni fundi wa malori, hebu fikiria kazi ya kufua. Kilemba cha Fundi kilipita kwenye paji la uso kikiwa kimenyooka kama rula, wakati vya wenzake vilichongoka. Nyama hawakugusa. Lakini ugomvi haukuwa nyama wala kilemba. Wale watano walisema Guru wa mwisho ni Kitabu kitakatifu, basi, mlango umefungwa. Fundi na mama yake walisema hapana, guru yupo, yuko India, ni mtu, anapumua.

Msiwacheke. Kanisani kwetu kwaya iligawanyika kwa sababu ya ngoma moja, na wale wa ngoma mpaka leo hawasalimiani na wale wa kinanda.

Biji tulimjua kuliko alivyojulikana na Makalasinga wenzake, kwa sababu ya maji. Mifereji ya Voi, yaani mabomba ya maji, ilikuwa inakohoa hewa wiki nzima, na nyuma ya gereji ya Fundi kulikuwa na tangi kubwa la maji ya mvua. Biji alitugawia, lakini kwa sheria. Kandambili na viatu vinabaki mbali. Mkanda wa ngozi unavuliwa. Mwakio alikuwa amerithi suruali ya Baba, na bila mkanda ilimbidi abebe maji kwa mkono mmoja na heshima yake kwa mkono wa pili. Kiswahili cha Biji kilikuwa maneno matatu, "Toa!", "Osha!" na "Weka!", na yalimtosha kwa mambo yote ya dunia hii. Maji ya mfereji yeye hakunywa kabisa, na chakula kilichopikwa nayo hakukigusa. Zamani, Fundi alitueleza, watu wa madhehebu yao waliambiwa kwamba ndani ya mfereji kuna kipande cha ngozi ya mnyama, na tangu hapo washika dini sana kama mama yake hunywa ya mvua, ya kisima au ya mto. Sisi tulidhani ni mambo ya uzee. Bibi yetu kule Wundanyi naye hakula yai.

Lakini aliimba! Alikaa kwenye kigoda mlangoni, macho yameshaingia ukungu, shanga zake za sufu mkononi, akaimba nyimbo zake za dini mpaka tukasahau ndoo zikafurika. Nyimbo zenyewe zilikuwa za kuimba na kuitikiwa. Yeye alitoa mstari, akanyamaza kungoja waitikie, na walioitika ni mashine ya kuchomelea, kreeeee, na malori ya kwenda Maungu. Tukajaribu kuitikia sisi. Tuliharibu vibaya sana. Alitupiga na kandambili yetu wenyewe, akicheka.

Siku moja Fundi aliingia kwenye duka la hadiwea la Mzee Harnam, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka. Mzee Harnam ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya gurudwara, mtu wa tumbo na sauti. Nilikuwa pale nimetumwa misumari. Fundi alisema kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu Kipunjabi kingekuwa karibu mno.

"Mzee, mama yangu anazeeka. Macho yanakwisha, kifua kinakwisha. Anataka kuimba ndani ya gurudwara, mara moja, watu wakimwitikia. Hekalu letu liko Nairobi, hafiki."

"Nani amemfukuza?" akauliza Mzee Harnam.

"Nani amemwita?"

Mzee Harnam akapanga upya makopo ya rangi ambayo yalikuwa yamepangika. "Gurudwara ni ya wote. Imeandikwa. Lakini kamati lazima ikae."

Kamati ikakaa. Ilikaa msimu wa vuli, ikakaa masika. Wanaume watano wenye vilemba vilivyochongoka, wakinywa chai, wakijadili kama bibi kizee mmoja asiyeona vizuri anaweza kuangusha dini. Je, atamtaja guru wake kwa sauti? Je, akimtaja ndani ya wimbo, katikati, haraka haraka, inahesabika? Mwanawe atakaa mbele au nyuma? Na Jumapili baada ya Jumapili, sisi, watoto wa Kidawida, yaani Wataita, Waanglikana wa ubatizo na kipaimara, tukakaa pale katikati ya zulia tukifuta sahani kwa kidole.

Mimi sikuwa na adabu ya kutosha. Nikamuuliza Mzee Harnam, mdomo umejaa, "Mzee, mbona sisi tunaingia na Biji haingii?"

Mwakio alinifinya. Mzee Harnam alikuwa akigawa dengu kwa ndoo na upawa, akasimama nayo.

"Nyinyi ni wageni, Wakesho."

"Na yeye?"

"Yeye ni wa nyumbani. Wa nyumbani akikosea, inauma." Akanimwagia dengu upawa mzima, ishara kwamba mazungumzo yamekwisha.

Mwishowe kamati ilichoka au chai iliisha. Wakakubali. Na kwa vile walikuwa wameona aibu ya kuchelewa, wakaamua kumkaribisha kwa kishindo. Hapo ndipo walipokosea, kosa la watu wenye moyo mzuri na masikio madogo. Walidhani kumkaribisha mtu ni kumlisha. Wake zao wakaanza kupika Jumamosi. Kulikuwa na aina nne za mboga, chapati milima miwili, wali wa maziwa na zabibu kavu, na maji ya mfereji yalikuwa yamerudi wiki ile ile, wakashangilia kwamba Mungu amebariki. Hakuna aliyemuuliza Biji anakula nini. Hakuna aliyetuuliza sisi pia, na sisi tulijua! Lakini nani humuuliza mtoto.

Jumapili hiyo Biji aliingia mkononi mwa mwanawe, mweupe kutoka kichwani hadi kisigino. Akainamisha paji la uso mbele ya Kitabu, akakaa hapo chini muda mrefu mpaka nikaogopa amelala. Mzee Harnam alikuwa amekaza macho kwenye midomo yake kama refa. Kisha Biji akaimba mstari, akanyamaza. Kwanza hakuna aliyeitikia. Halafu mke wa Mzee Harnam, mama mpole ambaye kamati haikuwahi kumuuliza lolote, akaitikia peke yake, na wengine wakafuata. Sikuelewa neno hata moja, na nywele za mkono zilinisimama. Fundi alikuwa akilia bila kujificha, machozi yakiingia kwenye ndevu.

Kikaja chakula. Sahani ya kwanza ikawekwa mbele ya Biji na Mzee Harnam mwenyewe, kwa mikono miwili. Biji akakunja mikono yake, akainamisha kichwa, akaisukuma sahani polepole kando.

Jamani. Kukataa chakula cha pale si kama kukataa chai kwa jirani. Wanakaa chini mstari mmoja ili asiwepo mkubwa wala mdogo, kwa hivyo ukikataa sahani umesema wewe ni mkubwa. Shingo ya Mzee Harnam ilibadilika rangi.

"Kamati imekaa mwaka mzima kwa ajili yake," akamwambia Fundi, "halafu hali chakula?"

"Maji ya mfereji, Mzee. Hatumii."

"Kwa nini hukusema?"

"Hukuuliza."

Wakatazamana. Nilidhani yatarushwa masufuria. Mzee Harnam akamtazama Biji, ambaye hakuwa anajua kuna vita, alikuwa akitabasamu kuelekea mahali ambapo alidhani watu wamekaa. Mzee akashusha pumzi. Akakaa chini kando yake, na kwa mtu wa tumbo lile kukaa chini ni safari. Akasukuma sahani yake pia.

"Asipokula yeye, sili mimi."

Mke wake akasukuma yake, kwa huzuni ya mtu aliyepika tangu jana. Familia tano zote, mpaka watoto, wakasukuma. Biji aliposikia kimya kimetulia akadhani wamemaliza kula, akaanza wimbo mwingine. Wakamwitikia wakiwa na njaa mpaka saa kumi jioni. Hawakuweza kula pamoja, basi wakashinda njaa pamoja.

Na chakula? Mnauliza! Wakristo walikuwepo. Mwakio alifika kumi na moja, rekodi ambayo sijasikia imevunjwa. Tulimpelekea Baba nne.

Biji alikuja kila Jumapili baada ya hapo. Alikula kwao kwanza, akaja, akaimba, akaondoka, na Mzee Harnam aliona haya kula mbele yake, kwa hivyo alingoja avuke reli ndipo anarukia dengu kama ameibiwa. Miaka mitatu. Kisha kifua kikakataa, akafa wakati wa jua kali, na wimbo wake waliuimba wale wa vilemba vilivyochongoka, wote, bila kamati kukaa.

Siku hizi vijana wangu wananiambia dunia imefunguka, kila mtu anakaribishwa kila mahali, wamefundishwa kwenye semina. Sawa. Lakini majina ya majirani hawayajui, sasa watamkaribisha nani? Sisi tulikuwa tunakataana, ndiyo, kwa vilemba na ngoma na maji, lakini tulikataana tukijuana mpaka jina la bibi. Natamani ile kelele. Voi imejaa maduka na kimya.

Familia za gurudwara ziliondoka moja moja, Uingereza, Kanada, moja Mombasa. Mzee Harnam naye alifuata wanawe Kanada. Aliyebaki ni Fundi Balbir, kwa sababu malori hayakuacha kuharibika. Akakabidhiwa ufunguo na wa mwisho kuondoka, kwani mwingine yuko wapi? Kila Jumapili anafungua, anafagia, anasoma Kitabu mwenyewe, anapika dengu, na madereva na sisi wazee wa zamani tunaenda, nikiwa na magoti yangu haya.

Mwaka jana tukiwa tunangoja pale nje, teksi ikasimama, akashuka Mzee Harnam. Tumbo limekwisha, ameshika fimbo, mjukuu nyuma yake akitafuta mtandao kwenye simu. Akavua viatu, akafika mlangoni, na mlango ulikuwa umerudishiwa. Fundi alikuwa amesimama hapo na kilemba chake kilichonyooka, ufunguo kiunoni.

"Balbir," akasema Mzee Harnam. Ilikuwa kwa Kiswahili. "Mimi naweza kuingia?"

Fundi akamtazama, hana haraka, na simiti ilikuwa ya moto, mzee anabadilisha miguu.

"Ngoja kamati ikae," akasema. Akafumba macho. Mwenyekiti ni yeye, katibu ni yeye, wanachama wote ni yeye. Akafumbua. "Imekaa. Imekubali."

Akafungua mlango wote, akamshika mkono, na Mzee Harnam akaingia akilia.