Kinyumenyume na Mama Mkwe

Jamani, aibu hii nimeificha miaka mingi, na ningeendelea kuificha kama si shemeji yangu Petro, ambaye akionja pombe kidogo tu huanza kuisimulia kwa kuitia chumvi, basi nimeona bora niisimulie mwenyewe, maana aibu ya mtu ikipita mdomoni kwa shemeji hutoka imenenepa.

Enzi hizo za Mwingereza, vita kuu ya pili imekwisha punde tu, nilikuwa na karakana ndogo hapa Tabora, mkabala na kanisa la misheni, na nilikuwa na gari. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la magurudumu ya miti, aliloniachia Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao (naamini aliniachia kwa kuwa hakujua pa kulitupa). Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, mchanga. Njia ya kwenda Isikizya kwa wakwe zangu, ileile waliyopita babu zetu na pembe za ndovu mabegani, ilikuwa na mchanga wa kumeza kifundo cha mguu, na mara ya mwisho nilipompakia mama mkwe wangu gari lilizama, naye akashuka, akajifunga kanga kiunoni, akasukuma. Fikirini, mama mkwe anasukuma gari la mkwewe. Mimi hakuniambia kitu, maana kwetu Wanyamwezi mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani, lakini alimwambia mke wangu Anastazia nami nasikia: "Mume wako anachezea vyuma tu. Mtoto akishabatizwa utarudi naye kwangu, mkae huko mpaka mwenzio apate kazi ya maana."

Hapo ndipo usingizi ulipoanza kunipaa. Mtoto wa kwanza, mke ninayempenda, waondoke hivihivi kwa sababu ya mchanga?

Nikatafuta dawa, nikaipata dukani kwa Mhindi mmoja, ndani ya sanduku lililolala miaka bila mnunuzi: ekseli ya nyuma ya spidi mbili. Ukiifunga hiyo, gari linapata mwendo mwepesi wa barabara nzuri na mwendo mzito wa kutambaa mchangani, unachagua kwa kijiti kando ya kiti. Ndani ya sanduku mlikuwa na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza, nami Kiingereza changu kilikuwa cha "yes" na "spana", kwa hiyo nilimwita rafiki yangu Mathias, karani wa reli, akae kwenye kigoda anisomee huku mimi nimelala chali chini ya gari, miguu imetokeza nyuma. Tulipofika kwenye lile gurudumu kubwa la meno linalokaa ndani ya tumbo la ekseli, Mathias akasoma, "Liwekwe upande wa kulia."

"Kulia kwangu au kulia kwa gari?" nikamuuliza.

"Karatasi inasema kulia. Haikusema kwa nani."

Nikaamua kulia ni kwangu, mkono ninaolia ugali. Uamuzi mdogo kabisa, haukuchukua hata muda wa kupenga kamasi. Kumbe kulia kwa mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea mbele ya gari, ni kushoto kwa gari, na kulia kulikokuwa kunaningoja ni kule kwa machozi.

Jumamosi jioni nililiwasha likiwa bado limeinuliwa juu ya mawe. Magurudumu yakazunguka vizuri sana, nikavuta kijiti yakapunguza mwendo, nikasukuma yakaongeza, nikaruka kwa furaha. Yanazungukia wapi sikutazama, nani atazame jambo kama hilo? Badala ya kulijaribu barabarani, nikaona litachafuka vumbi nami nimeshalisugua mpaka linang'aa, basi nikaita watu wakanisaidia kulisukuma hadi mbele ya kanisa.

Jumapili mtoto akabatizwa, tukatoka kwa vigelegele, tayari kwa safari ya Isikizya. Petro akakaa mbele na mimi, Anastazia na mtoto na mama mkwe wakakaa nyuma, na kanisa zima likasimama kutazama. Nikapiga hendeli ya kuwashia injini, nikapanda, nikakaza tai, nikaweka gia ya kwanza. Gari likarudi nyuma. Nikakanyaga breki, nikacheka kidogo kama mtu aliyefanya kusudi, nikadhani nimekosea gia, nikaweka ya pili. Likarudi nyuma kwa kasi zaidi.

Sasa hapo mtu yeyote mwenye akili angegeuza shingo aone anakokwenda. Lakini nyuma yangu, uso kwa uso, angekuwa mama mkwe. Watu wanapiga kelele, "Tazama nyuma wewe," na mimi nimekodolea macho mbele, shingo imekakamaa, jasho linanitiririka. Nikamwambia Petro anitazamie. Petro akageuka mzimamzima, akaanza, "Kulia, kulia zaidi," (kulia kwake yeye aliyetazama nyuma) nami nakata usukani kulia kwangu, tukapita katikati ya bustani ya kabichi ya misheni na kuingia kwenye kamba za nguo za masista. Kabla sijapata breki, gari lilikuwa limevikwa mashuka.

Nikageuka bila kufikiri, na namshukuru Mungu mpaka leo, kwa sababu mama mkwe alikuwa amefunikwa shuka jeupe kutoka kichwani hadi magotini, amekaa wima. Anastazia alikuwa amemkumbatia mtoto, wazima wote. Kisha sauti ikatoka ndani ya shuka, taratibu kabisa.

"Petro, mwambie mume wa Anastazia aweke ile gia ya kurudi nyuma."

"Mama anasema uweke gia ya nyuma," Petro akasema, kana kwamba sikusikia.

Nikaiweka. Gari likaenda mbele.

Kumbe lile gurudumu la meno, kwa kukaa upande usio wake, lilikuwa limegeuza kila mwendo kinyume. Basi tulikwenda mpaka Isikizya, njia yote, kwa gia ya nyuma, polepole, injini inalia kama ng'ombe aliyefiwa na ndama, na waendesha baiskeli wakitupita na kutupa pole. Tulipofika kwenye ule mchanga nikavuta kijiti cha mwendo mzito. Gari likatambaa, likatambaa, likavuka, na hakuna aliyeshuka.

Mchana wake tulipakuliwa ugali na kuku. Bakuli langu lililetwa likiwa limefunikwa, nikafunua, na juu ya mchuzi ilikuwa imekaa firigisi, ambayo nyumba ile hupewa mkwe anayeheshimiwa tu. Anastazia alipoiona akaenda kukunja nepi za mtoto na kuzirudisha kwenye kapu la safari, turudi Tabora sote.

Nimeapa tangu siku ile: gari nililolifungua mimi, wa kwanza kulipanda ni mimi peke yangu, na wa pili ni mimi tena.