Maharage Yaliyochambuliwa Kabla ya Tope

Shule niliiacha mapema, nikachunga ng'ombe wa watu kule Tlawi, na leo ghala kubwa la maharage hapa Katesh ni langu. Sisemi kwa kujisifu. Basi, nasema kwa kujisifu, maana hakuna aliyenishika mkono. Hata kuuza kwa imeili nilijifunza mwenyewe, kidole kimoja juu ya simu, nikiwa nimesimama katikati ya magunia.

Mwanzoni nilimlipa mtaalamu wa matangazo, msomi wa Arusha. Akaniletea anwani chungu nzima za watu wasionijua, akawaandikia kwa herufi kubwa: BEI POA, WAHI SASA. Hakuna aliyejibu. Imeili zetu ziliangukia kwenye taka kabla hazijasomwa. Nikazifuta anwani zake zote, nikabakiza za watu walionunua kwangu na kuniambia kwa mdomo wao, "Mzigo ukiingia niandikie." Wapishi wa hoteli, wenye maduka, masista wenye bweni la wasichana. Kila mmoja nikamwandikia kwa jina lake. Na sikuanza na bei. Kwetu ukiingia kwenye boma la mtu ukamtaja ng'ombe unayemtaka kabla hujauliza mvua na watoto, utaondoka hata maji hujapewa. Kwa hiyo niliuliza: huko mvua imefika? Wageni wanakuja? Ndipo nikaja kwenye maharage.

Mtaalamu alicheka sana. "Mzee, hii ni imeili au umekwenda kutembea?"

"Nimekwenda kutembea," nikamjibu. "Wewe unapiga hodi kwa teke."

Wateja wakaanza kufungua. Wakaanza na kujibu. Mtaalamu hakucheka tena, akawa ananipigia simu kuniuliza nimefanyaje.

Lakini imeili hata iwe tamu vipi, mpishi akikuta jiwe kwenye sufuria hakuandikii tena. Aliyenilinda na mawe alikuwa mama mmoja wa Jorodom, mkuu wa wachambuaji wangu. Amenizidi umri mbali, na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo mbele ya wote, ingawa mshahara namlipa mimi. Alikaa goti kwa goti na mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee aliyekuwa akifanya kazi mbali, ungo mmoja katikati yao. Maharage yalitoka Maretadu na vumbi lake na vijiwe vyake, yakipita kwao yanang'aa. Yule mkwe alikuwa mwepesi wa mikono na mwepesi wa mdomo.

"Bosi," ananiita, ameinua kijiwe, "hiki nikitupe, au na chenyewe umeshakiandikia imeili?"

Ghala zima linacheka. Nami nacheka, nifanyeje?

Halafu asubuhi moja mlima ulio juu yetu ulishuka. Mliosikia mlisikia, sisi tuliokuwepo hatupendi kuieleza sauti ile. Matope, mawe na miti vilipita juu ya nyumba za watu. Nyumba ya yule mama ilikwenda, yeye akiwa ameshatoka, na mkwe wake alikuwa ndani. Tulimpata, tukamzika. Wengine walingoja zaidi kuwapata wa kwao.

Ghala langu lilibaki limesimama, upande ambao tope halikufika, limejaa magunia yaliyokwisha kuchambuliwa. Wateja waliposikia habari walidhani hatupo tena. Walituandikia pole, na hapohapo wakaanza kununua kwingine. Na wale akina mama wachambuaji, wengine wakilala kwa ndugu, walikuwa wananitazama mimi. Nisipouza hakuna mshahara, na maharage yakikaa sana fukusi wanaingia. Walihitaji mshahara ule kuliko wakati wowote.

Mtaalamu alipiga simu. "Pole sana, mzee. Lakini nisikilize. Weka picha ya tope. Juu uandike: Maharage yaliyochambuliwa na marehemu. Hakuna atakayeacha kufungua."

Nilijua anasema kweli. Hilo ndilo lililoniuma. Nikaandika kama alivyosema, nikaiacha ndani ya simu bila kuituma, nikaenda kwa mama.

Alikuwa amehifadhiwa kwa ndugu yake. Kwa desturi yetu mwenye msiba hashiki kazi za watu mpaka wazee waseme imetosha, na anayekwenda kumwona haendi kwa maneno mengi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikakaa. Tukakaa.

"Una jambo," akasema mwishowe. "Mtoto wa Tlawi hanyamazi hivi bure."

Nikamsomea yote, pamoja na yale maneno ya juu.

"Wakisoma hivyo watanunua?"

"Watanunua, mama."

"Watanunua nini?"

Nikaizima simu.

"Yule mtoto alichambua ili mawe yatoke," akasema. "Hakuchambua ili wamlilie wasiomjua. Maharage uza. Yeye usimuuze."

"Na nikisema tu kwamba mikono inayochambua ni ile ile?"

Akaitazama mikono yake, imelala mapajani. "Hii hapa. Iko kwenye ungo? Usiwadanganye watu. Sema yalichambuliwa kabla."

Nikafuta. Juu nikaandika: Ghala limesimama. Ndani: "Asante kwa pole zenu. Tumezika. Barabara inapitika. Maharage yaliyopo yalichambuliwa kabla ya tope, ni safi. Ukihitaji niambie. Kama bado, niambie tu huko kwenu mvua ikoje."

Walijibu. Mpishi mmoja wa hoteli aliandika, "Mvua ipo. Leta kama kawaida. Na wale akina mama wanaendeleaje?" Nilirudi kwa mama nikamsomea.

"Mwambie tupo," akasema.

Lori likapakia, mpaka magunia yakaisha, na kila mchambuaji akapata chake. Wazee waliposema imetosha mama akarudi, akaweka ungo mbele yake. Upande wa pili hakukaa mtu. Alichambua hivyo, peke yake, mpaka siku alipomwita mwenzake mmoja na kumwambia, "Sogea, ungo ni mkubwa huu."

Mtaalamu hadi leo ananiuliza ni maneno gani yaliyowafanya wafungue. Namwambia: ghala limesimama. Haamini, anadhani nimemficha kitu. Ni kweli, yeye nilimficha aliyoniambia mama, na wateja niliwaficha tuliyemzika. Habari ya yule mkwe nimeiandika hapa kwa mara ya kwanza, baada ya kumwomba mama ruhusa. Aliniuliza swali moja tu: "Huko unakoandika, unauza kitu?"

Nikamwambia hapana, mama. Siuzi.

"Basi andika," akasema. "Na useme alikuwa mchekeshaji."