Tangi la Samaki Juu ya Chumba cha Bibi

Nilikuwa mwalimu wa sayansi katika skuli ya sekondari, tena mwalimu wa kusifiwa, na hilo ndilo linalonitia haya mpaka leo ninapokumbuka habari ya lile tangi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mume wangu alikuwa baharia wa meli za nje, hurudi mara moja kwa mwaka. Mimi nikikaa peke yangu ghorofani, Mji Mkongwe, katika nyumba ya urithi ambayo wenyewe walishahamia Muscat. Chini yangu akiishi bibi mmoja mjane, mwenye asili ya Kiarabu, aliyekuwa akishona kofia za viua, zile zenye nakshi za vitundu. Nyonga ilimuuma, ngazi zikamshinda, kwa hiyo maisha yake yote yalikuwa ndani ya chumba kile kimoja: kitanda, kiti cha kushonea, na msala wake wa kusalia.

Dada yangu mkubwa alikuwa mfanyakazi wa usafi katika hoteli ndogo Uroa. Siku moja aliniletea habari kwamba Mtaliana mwenye hoteli anafunga na kuuza kila kitu.

"Hata lile tangi la samaki," akasema. "Wewe si mwalimu wa viumbe? Kalichukue."

Nilikwenda nikiwa na nia ya kutazama tu. Tangi lilikuwa la kioo kinene, refu kama kitanda cha mtoto, limechakaa pembeni kwa chumvi. Ndani mlikuwa na mawe ya matumbawe, kitatange wawili wa manjano, samaki wengine wadogo wadogo, na bunju mmoja aliyekuja mbele ya kioo akanikodolea macho kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Niliangalia nusu saa nzima. Yule Mtaliana alizungumza Kiswahili chake cha kukatakata.

"Chumvi ikizidi, wanakufa. Umeme ukikatika, wanakufa. Ukiwapa chakula kingi, wanakufa."

"Sasa wanaishi vipi?" nikamuuliza.

"Kwa kuangaliwa," akajibu.

Nilipaswa kuogopa pale pale. Badala yake nikalipa. Tulikodi pikapu, tukapakia tangi, mawe, samaki ndani ya ndoo zenye vifuniko, na madumu ishirini ya maji ya bahari yaliyotekwa hapo hapo Uroa maji yalipojaa. Wachukuzi wanne wa Darajani walilipandisha tangi ghorofani huku bibi akiwaombea dua kutoka mlangoni kwake wasije wakateleza. Tukaliweka kwenye ukuta wa upande wa barabara, juu ya meza ya mbao ngumu.

Wiki ya kwanza niliishi kwa wasiwasi. Chumvi ilitambaa kwenye waya wa pampu mpaka karibu na soketi. Nikigusa meza nahisi mtekenyo kwenye vidole. Nikaufunga waya upya na kuunyanyua. Umeme ulipokatika nilikaa nikikoroga maji kwa kikombe ili samaki wapate hewa, mkono ukafa ganzi. Siku ya sita mmoja wa wale wadogo alielea juu, tumbo limegeuka. Nilimtoa kwa upawa, nikajiona kama niliyeua mtu.

Kumbe hofu yenyewe ilikuwa haijafika.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa darasani, nikifundisha uzito na ujazo. Niliandika ubaoni: lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Msichana mmoja wa mbele akanyanyua mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo dumu la lita ishirini ni kilo ishirini?"

"Naam. Kilo ishirini."

"Na madumu kumi?"

Nikaugeukia ubao. Chaki ilikuwa bado mkononi. Madumu ishirini. Kilo mia nne, na maji ya bahari yanazidi hapo. Ongeza kioo, ongeza mawe, ongeza meza. Nusu tani, imekaa mahali pamoja, mchana na usiku, juu ya boriti za mikoko zilizowekwa kabla babu yangu hajazaliwa. Na chini ya boriti zile, kitanda cha bibi. Kitu nilichokuwa nikikifundisha kila mwaka, sikuwahi hata siku moja kukiingiza ndani ya nyumba yangu.

Nilirudi nyumbani mbio. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, kofia magotini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema hivyo?"

Nilitazama juu. Ufa mwembamba ulikuwa umepita kwenye chokaa ya dari, na juu ya mto wake palikuwa na unga mweupe. Akaniona ninavyotazama.

"Panya hao," akasema, akiupangusa kwa upande wa kanga. "Wanapita juu ya boriti. Nshamwambia mwanangu anitafutie sumu."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nikasema, "Panya wamezidi mwaka huu," nikapanda juu.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza mara nyingi. Niliona haya, mwalimu mzima. Niliogopa kufukuzwa nyumba. Nilijidanganya pia kwamba nitalitengeneza mwenyewe kimya kimya, kabla hajajua mtu. Nikateka maji nusu, ndoo baada ya ndoo, nikayamwaga kwenye mfereji wa chooni. Kitatange wakajibanza nyuma ya jiwe, bunju akawa haji tena mbele. Nikajiambia: sasa ni nusu ya uzito, nyumba itastahamili.

Jumanne nilisikia mlio. "Ta." Mkavu, mdogo, kama kidole kinachovunjwa. Nikasimama katikati ya chumba sithubutu kupiga hatua. Jumatano mvua za masika zikaanza, kuta zikavuta maji. Nilikuwa nikitembea kwa vidole, nikipita kandokando ya ukuta, nikiweka hata mfuko wa mchele mbali na upande ule. Kila alasiri niliposikia cherehani za jirani na sauti ya bibi akisoma uradi wake chini, nilishukuru kwamba bado ana sauti. Alhamisi nilimkuta ametandika gazeti juu ya mto, kukinga unga. Ijumaa gazeti lilikuwa na vipande vya chokaa vya ukubwa wa kucha.

Jumamosi asubuhi, mtaa wa pili, ukuta wa nyumba ulishuka. Hakuna aliyeumia, wenyewe walikuwa sokoni. Nilikwenda kuona pamoja na watu wengine. Kitanda kilikuwa kimekaa chini ya rundo la mawe na udongo, foronya yake bado ya maua.

Niligeuka nikarudi, nikaingia moja kwa moja kwa bibi bila hata kupiga hodi.

"Bibi, hama chumba hiki. Leo. Sasa hivi."

"Nihame niende wapi? Nimezaa watoto watano humu."

"Sakafu itaanguka."

"Nyumba hii ina miaka mingi kuliko mimi na wewe, haijaanguka."

"Haikuwa na tangi langu." Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikamweleza yote: madumu ishirini, hesabu ya ubaoni, ule mlio. Unga ule si panya.

Sindano aliichomeka kwenye kofia taratibu.

"Umejua tangu lini?"

"Jumatatu."

"Na leo?"

"Jumamosi."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Alininyooshea mkono. "Ninyanyue," akasema.

Nilimtoa mpaka barazani kwa jirani, mvua ikinyunya. Majirani wakaja, na fundi mmoja mzee wa nyumba za mawe akaitwa. Alitutoa sote, akaingiza watu wawili tu wa kumaliza maji na kutoa mawe moja moja. Samaki walichukuliwa kwenye ndoo mpaka baharini, wakaachiwa. Walioachia walisema bunju alizama papo hapo kama jiwe, sijui aliishi au vipi. Kisha fundi akabandua chokaa pale boriti inapoingia ukutani. Akatia kidole. Kidole kikaingia chote, mkono ukafuata mpaka kwenye kifundo.

"Mchwa," akasema. "Hapa palibaki ganda tu. Kilichokuwa kikishikilia ni Mungu."

Majirani wakaanza kunifariji. Wakasema ingeanguka tu hata bila tangi, masika hii au ijayo. Wakasema pengine tangi ndilo lililotuzindua. Huenda ni kweli. Lakini haikunipunguzia kitu, kwa sababu mimi nilikuwa sijui habari ya mchwa. Nilichokijua nilikijua, nikakaa nacho siku tano.

Bibi alihamia kwa mwanawe, Kikwajuni, na hakurudi tena; chumba chake kilitiwa magogo ya kushikilia dari. Tangi nilimpa dada yangu, akafugia kuku wadogo. Mimi nilikuwa nikienda kumtazama bibi kila Ijumaa baada ya sala, nikimpelekea nyuzi za kofia. Aliwaambia watoto wake kwamba nilimwokoa. Mbele yao nilishindwa kusema kinyume, na aibu hiyo nayo nikaibeba.

Siku moja tulikuwa wawili tu, nikamwomba radhi.

"Nshakusamehe zamani," akasema, macho yakiwa kwenye sindano. "Ila, mwanangu, usiku wa kuamkia Jumamosi ile, chini ya tangi lako, nililala fofofo. Nililala vizuri kuliko siku zote."

Akaniomba nimtungie uzi. Ilinichukua muda mrefu kuupitisha.