Nokoa wa Marehemu Baba

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa Ijumaa, baada ya sala, nyumbani kwa mjomba wangu hapa Maskati. Lakini nikianza na Ijumaa hutanielewa. Nianze na siku mbili kabla yake, ghalani Ruwi, nilikokuwa karani wa vipuri chini ya Mskoti mmoja mwenye masharubu mekundu.

Wakati ule mji ulikuwa unajengwa, na sisi tuliotoka Zanzibar tulipata kazi upesi kwa sababu tulikuwa na elimu kidogo. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari. Mskoti alikuwa amekaa Tanga miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu. Hata akikuombea kheri ungedhani anakugombeza.

Tulikuwa tunakunywa chai, mtu mmoja akamwuliza wazee wake walikuwa na kazi gani.

"Babu yangu alikuwa grieve," akasema, akijipiga kifua. "Nyinyi hamjui! Neno la kwetu, la zamani sana."

Akatueleza. Zama za kale grieve alikuwa mtu wa cheo, anayemsimamia mkubwa nchi yake. Baadaye akawa msimamizi wa shamba, anayewagawia watu kazi asubuhi. Na kwenye machimbo ya makaa ya mawe alikuwapo grieve pia, tena enzi ambazo wachimbaji kwao walifungwa na sheria wasitoke machimboni, na machimbo yakiuzwa, nao wanauzwa pamoja nayo. Yote hayo aliyasema huku anatafuna biskuti.

"Kumbe babu yako nyapara," nikamwambia.

"Nyapara! Ndiyo! Nyapara mkubwa!" Akacheka. "Na wewe? Baba yako?"

"Alikuwa na mashamba ya karafuu, Pemba."

"Oho, tajiri! Sasa wewe mbona maskini?"

Watu wakacheka, na mie nikacheka nao.

Baba yangu alikuwa nokoa. Vijana wa leo neno hili hamlijui, na si kosa lenu. Zamani nokoa alikuwa mkubwa wa watumwa shambani, na mara nyingi yeye mwenyewe mtumwa. Utumwa ulipokwisha, kazi ikabaki na jina lake. Wakati wa baba, nokoa alikuwa mtu wa kuajiriwa: anawapangia wachumaji mikarafuu yao, anapima pishi jioni, na watu wakigombana kwa mpaka au kwa mke, kwake ndiko wanakokwenda. Nilipokuwa mdogo niliona fahari kuitwa mtoto wa nokoa. Yalipokuja mapinduzi neno likawa la hatari, nokoa akaitwa kibaraka wa mabwana. Na hapa Maskati, kwa watu wetu waliokuwa wameshavaa dishdasha na kutafuta makabila yao, lilirudi pale pale lilipoanzia. Ukisema nokoa, umesema mtumwa.

Mie nilifika huku kwa upande wa mama. Mjomba ndiye aliyeniandikisha, kwa jina la kabila lake. Nikalizowea upesi, kama mtu anavyozowea viatu vizuri. Kisha baba akaja kunitazama, kwenye mfungo sita, na viatu vikaanza kubana.

Nilikuwa nimeshapeleka posa. Desturi yetu unaijua: kabla ya jibu, wazee wa mke huja wakakaa, wakanywa kahawa, wakauliza asili. Mjomba alinambia, "Mzee wako siku hiyo akae ndani." Nikaahidi kumwambia, na sikumwambia. Nilikuwa naona haya kumtamkia. Ijumaa ile wageni walipoingia wakamkuta amekaa karibu na mlango, kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua aliyoishona mwenyewe kichwani. Alikuwa na furaha. Alidhani leo ni siku yake.

Mkubwa wa wageni, bwana mmoja wa Sidab, akatoa salamu kwa kila mtu, akafika kwake.

"Na huyu bwana?"

Mjomba akatazama zulia. Baba akanitazama mie, anangoja nimtaje.

Nikasema, "Huyu alikuwa nokoa wa marehemu baba. Amekuja kututazama."

Mwanangu, sikubanwa na mtu, wala ulimi haukuteleza. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema neno jingine.

Baba hakushtuka, au kama alishtuka hakuna aliyeona. Akainuka, akachukua dele la kahawa kwa mkono wa kushoto na vikombe kwa wa kulia, akaanza kumimina, mgeni kwa mgeni, kwa adabu zote. Mimi nimekaa, baba yangu amesimama.

"Ee nokoa," bwana mmoja akamtania, "bwana wako alikuwa mkali?"

"La," baba akasema. "Mpole kupita kiasi. Alimdekeza mwanawe."

Wakacheka sana. Posa ikakubaliwa siku ile ile.

Wageni walipoondoka nilimfuata uani. Nilikuwa na maneno mengi nimeyapanga. Akaniwahi. "Nokoa ni kweli, mwanangu, hapo hukusema uwongo. Lakini mie si maiti." Akaomba arejeshwe Pemba kabla ya harusi, na mie, Mungu anisamehe, nilipumua.

Alipokufa kweli nilikuwa nimeshahamia Hail, nna watoto. Nikapigiwa simu na binamu. Na hapo ndipo nilipoelewa nilichojifanyia: sikuweza kukaa tanga. Watu wangekuja kunipa pole ya nani? Baba yangu mie alikuwa marehemu tangu zamani, wote wanajua. Mke wangu, mwanamke mwema, akanambia, "Yule nokoa wenu? Maskini, Mungu amrehemu. Tuwapelekee watu wake ubani wa msiba." Nikajibu, "Inshallah." Nikaingia msalani, nikafungua bomba asinisikie. Mke wangu naye ameshafariki, na hakupata kujua mkwewe ni nani.

Nilidhani uzee utanipa ujasiri. Mwaka jana nilimwita mwanangu mkubwa, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainamisha kichwa.

"Baba, nakuomba. Binti yangu ameposwa. Wenyewe wameshauliza asili, na tumeshawajibu."

"Mmewajibu nini?"

"Ulivyotufundisha."

Ningemgombeza kwa lipi? Wajukuu wangu wana babu mkuu ambaye hakuwahi kuishi. Mashamba nilimpa mie, wao wamemwongezea na farasi. Uwongo ule si wangu tena niurudishe. Umeshaolewa, umeshazaa. Nikiusema leo navunja nyumba ya mtoto, nikinyamaza namzika baba yangu kila siku. Nimetafuta njia ya tatu na sijaiona.

Kwa hiyo nakwambia wewe, mtoto wa watu, maana wangu nimeshawapoteza kwa jambo hili. Jina la kazi hupita midomoni mwa watu, zama hizi likawa cheo, zama zile likawa tusi. Yule Mskoti hakulisafisha neno la babu yake. Alilichukua na uchafu wake wote, akamweka mzee wake juu. Nawe ukiulizwa mzazi wako ni nani, jibu hapo hapo, kabla hujapata nafasi ya kufikiri, mtaje kwa jina lake na kwa kazi yake, awe topasi, awe yaya, awe nokoa. Mke akikosekana kwa sababu hiyo, akosekane. Usijipe moyo kwamba utakuja kusahihisha baadaye. Mie nilijipa moyo huo, na baadaye yangu ndiyo hii.

Mungu akupe umri na uso wa kuwatazama watu. Na akujaalie mzazi wako afe mara moja tu, siku yake ikifika, nawe umlie mbele za watu.