Vyura Ishirini na Wawili

Jina la Mama Chupa alipewa na wanafunzi wa chuo. Walimkuta katika chumba cha vielelezo, katikati ya rafu zilizojaa vyura, mijusi na samaki waliolala ndani ya spiriti, wakamwita hivyo hadi jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye karatasi za ofisi tu. Alikitunza chumba hicho miaka thelathini na moja. Spiriti ikipungua alijaza, mfuniko ukioza alibadilisha, na aliyeweka chupa mahali pasipo pake alikaripiwa, awe profesa au mwanafunzi. Lebo, kwake, hufungwa kwa uzi kwenye mguu wa mnyama, haibandikwi kwenye chupa peke yake.

"Chupa huvunjika," alikuwa akisema. "Na mnyama asiye na lebo ni kitoweo kilichochacha."

Watu walisema Mama Chupa hajawahi kukosea. Naye aliwaacha waseme, na hilo ndilo lililokuja kumponza.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu astaafu wakati Daktari alipoingia na karatasi mkononi, uso umemshuka. Daktari huyu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtaalamu wa vyura. Mama Chupa ndiye aliyemfundisha kufunga lebo, enzi zile binti akifunga mafundo ya kufungia mbuzi. Kwa miaka minne Daktari alikuwa akimfuatilia chura mmoja mdogo wa kahawia. Vitabu vyote vilisema ni spishi moja, awe wa bwawa la matanuri ya matofali au wa msitu wa mlimani, na kwa macho walifanana kama shilingi kwa ya pili.

Lakini Daktari alikuwa amewasikiliza. Dume wa bwawani huvuta sauti kama mlango uliokosa mafuta. Wa mlimani hugonga mara tatu, akanyamaza. Kipo kijito ambako hukutana na kuimba jiwe kwa jiwe, na hata huko kila jike humwendea dume wa sauti ya kwao. Yule mwingine hamgeuzii hata shingo.

"Kuishi pamoja bila kuzaa pamoja," Daktari alishawahi kumweleza, "hiyo ndiyo dalili yangu kwamba ni spishi mbili. Kufanana si hoja."

Sasa alikaa kwenye kigoda na kuiweka karatasi mezani.

"Mama, naondoa makala yangu."

"Kisa?"

"Vidole. Vyura hai niliowapima, wa mlimani wana ncha pana, wa bwawani nyembamba. Ila nilipata kumi na mmoja tu. Nikasema nitajaziliza na wako wa zamani, wale ishirini na wawili. Wamevurugika! Wenye lebo za mlimani, watano wana vidole vyembamba. Wenye lebo za bwawani, watano wana vipana. Wakaguzi wa jarida wataniambia huyu ni chura mmoja mwenye lafudhi mbili."

Alicheka kidogo, kicheko cha kuzuia machozi. Mama Chupa hakucheka. Aliijua chupa ya vyura hao.

Ilikuwa mwaka wake wa pili kazini, bado yuko kwenye majaribio. Kwa desturi ya chumba, chupa hupangwa kwa spishi, si kwa mahali, kwa hiyo vyura wa bwawani na wa mlimani waliwekwa pamoja, wakitenganishwa na lebo za miguuni tu. Yeye alikuwa amezifunga kwa uzi wa kushonea nguo, badala ya ule mnene uliopakwa nta. Spiriti ikaula uzi. Siku moja akakuta vyura ishirini na wawili wanaelea huku na lebo ishirini na mbili zimetulia chini. Hofu ya kufukuzwa ikamshika. Akazifunga upya, huyu hapa, yule pale, kwa kubahatisha. Alijiambia, si ni chura mmoja? Nani ataumia?

Jioni ya siku ile Daktari alipoleta karatasi, alimsimulia mumewe, fundi seremala, aliyekuwa akipiga randa kibarazani. Mzee aliokota vipande viwili vya mbao nyekundu, akampa anuse.

"Kule wanakouza, hizi zote zina jina moja," alisema. "Hii moja mchwa hula ikaisha, hii nyingine hawaigusi. Mteja akija mlango wake umeliwa, nimwambieje? Kwamba kwa rangi zilifanana?"

"Nitaaibika, baba watoto."

"Utaaibika, ndiyo," alisema mumewe, akarudi kwenye randa lake.

Asubuhi alimwambia Daktari yote, amesimama, mikono nyuma. Daktari alisikiliza hadi mwisho.

"Miezi minne, mama. Miezi minne tangu niwapime hao, najiona mjinga."

"Nisamehe, mwanangu. Tuwagawe upya, basi. Vipana huku, vyembamba huku."

"Siwezi. Nikiwagawa kwa vidole, kisha niseme vidole ndivyo vinavyowagawa, nitakuwa nimejiuliza na kujijibu mwenyewe. Na vinasaba siwezi kuvisoma, fomalini waliyotiwa kabla ya spiriti imeshaviharibu." Alivuta pumzi. "Hawa nawaacha nje. Mvua zikinyesha nitapima wengine, hai. Makala itasubiri. Nitaandika tu kwamba lebo za zamani hazikuaminika."

Hapo Mama Chupa akapata sauti yake ya kila siku.

"Hapana! Ukiandika hivyo umezichafua chupa elfu tatu. Taja chupa, taja mwaka, na unitaje mimi. Wajue ni hii, na ni mkono wangu, zilizobaki zisiguswe."

Daktari akauliza polepole, kwa adabu yote:

"Na ni hii tu, mama?"

"Ni hii tu."

Ilikuwa kweli tupu. Lakini aliona usoni mwa binti kwamba neno lake, lililotosha miaka thelathini na moja, leo halikutosha. Daktari aliinuka, akashusha chupa iliyofuata rafuni, akachukua kibano na kumtoa chura wa kwanza, amkague uzi na lebo.

Iliuma, na Mama Chupa hakujidanganya kwamba haiumi. Alikwenda kabatini, akatoa daftari la mapokezi la zamani kuliko yote, lenye namba ya kila mnyama na alikotoka, akalifungua mezani na kuvaa miwani.

"Nisomee lebo," alisema. "Mimi nitaangalia namba."