Lenzi Isiyotengenezwa Tena

Shemeji yangu Abdulhamidi, mume wa dada yangu Ziada, alikuwa mpiga picha hapa Singida mjini, na kwa kujisikia hakuwa na mpinzani. Enzi za ruksa, kila mtu alipoanza kuuza kila kitu, alipata lenzi ya kuvuta picha karibu na mbali kutoka kwa mzungu wa mradi wa visima aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao. Alitoa lenzi yake ya zamani, nzima kabisa, na mbuzi wawili juu yake.

Mzungu alimwonya kwamba kiwanda kimeacha kutengeneza lenzi za aina ile. Mtu mwingine angeuliza vipuri atavipata wapi. Shemeji yeye alisikia sifa. Akaandikisha kibaoni: LENZI YA WATAALAMU, HAITENGENEZWI TENA. Wateja wakamiminika.

Mwaka wa pili vumbi la kiangazi likaingia, lenzi ikakwama kwenye kuvuta karibu. Sasa ili ampate mtu kuanzia kofia mpaka viatu, ilimbidi arudi nyuma hadi nje. Na nani analipia picha isiyoonyesha viatu? Bahati studio ilikuwa ghala la zamani la vitunguu, mlango wake mpana. Wateja walikaa ndani, mbele ya pazia lililochorwa ziwa na kupigiliwa ukutani, yeye akawapiga akiwa katikati ya barabara. Mchuma janga hula na wa kwao: dada ndiye aliyezuia baiskeli.

"Si ununue tu kamera ndogo ya plastiki?" alimwambia.

"Ziada, mimi ni mtaalamu."

Nilicheka mpaka nikaona aibu.

Siku ya Idi ikaja familia ya Mzee Idrissa, watu kumi na mmoja, wote na viatu vipya. Barabara haikutosha. Ng'ambo palikuwa na studio ya Fabiano, kijana ambaye shemeji mwenyewe alimfundisha kazi, kisha akamfukuza kwa sababu alimwambia lenzi ile itamtesa. Miaka miwili hawakusalimiana. Lakini kumrudisha Mzee Idrissa bila picha kulikuwa sawa na kufunga duka, maana mji mzima ungejua kabla ya adhuhuri.

Alisimama pale, kamera kifuani, jasho likimtoka. Nilimhurumia, mimi niliyekuwa nikimcheka. Mwisho akageuka.

"Hodi."

"Karibu, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Naomba... naomba nafasi kidogo, nisimame na kamera."

Fabiano hakucheka. Alisogeza kiti, akaonyesha sakafuni. Palikuwa na alama ya chaki, kama ile ambayo Abdulhamidi alimfundisha kuchora siku ya kwanza ya kazi, ili mteja ajue pa kusimama.

"Nilipima tangu Ramadhani inaanza," alisema. "Nilijua Idi watakuja wengi."

Shemeji alikanyaga alama, akachungulia. Viatu vyote vilionekana. Alitafuta kosa, hata la nusu hatua tu, apate cha kumsema kijana. Hakulipata.